Sampuli ya Ukimya

Ilikuwa Ijumaa, tarehe tisa Agosti. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu membamba, yale yasiyomlowanisha mtu ila yanamkera tu, na kila tone lililoangukia bati la chumba cha kushonea lilisema lake. Fundi Pindo alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, uso ameuinua darini, akasema kwa upole kama anayezungumza na mteja mgumu:

"Ee Bwana, mvua ni yako na bati ni langu. Naomba inyamaze kidogo tu, halafu uendelee."

Aliitwa Pindo kwa sababu ya ugonjwa wake wa kukunja mapindo. Mtu akipita barabarani suruali inamburuza, Pindo alikuwa radhi kumfuata na pini mpaka njia panda. Lakini siku hiyo hakutaka kuona suruali wala sketi. Kesho yake binti wa kaka yake alikuwa anaolewa katika mji wa mbali, na kuna jambo lilikuwa limebaki mikononi mwa Pindo, zito kuliko gauni lenyewe.

Katika nyumba yao kila bibi harusi aliingia ukumbini akiimbiwa wimbo mmoja. Mama yake Pindo aliutunga akiwa msichana, yeye na dada yake, wakawa wanauimba wawili kila harusi: Mama sauti ya juu, dada mtu sauti ya chini. Dada mtu alishafariki. Mama alikuwa hai, tena hai kwelikweli, ila magoti yake yalikuwa yamekataa safari.

"Magoti yangu yamestaafu kabla yangu," alisema. "Sauti bado iko kazini."

Basi bibi harusi akaomba sauti ya bibi yake imfikie kwa simu, ipigwe kwenye spika za ukumbi yeye akiingia. Na Pindo, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, akadakia, "Niachieni mimi!" Maana alikuwa anasoma masomo ya jioni ya kurekodi sauti.

Darasa lenyewe lilikuwa juu ya duka la vifaa vya umeme. Wenzake walikuwa vijana wa kofia zilizogeuzwa kisogoni, na wote walimwita Mama, pamoja na mwalimu. Yeye alikaa mstari wa mbele, miwani puani, na hakubonyeza kitufe chochote kabla ya kuomba. Mwanzoni walimcheka. Siku kompyuta zote zilipoganda isipokuwa ya kwake, wakaanza kumnong'oneza, "Mama, na sisi tuombee."

Rekodi ya kwanza aliituma Jumanne, kifua mbele. Ikarudi siku hiyohiyo na ujumbe wa sauti kutoka kwa mwenye spika za ukumbini, mtu mwenye sauti nzito ya kujipenda:

"Bibi huyu anaimba vizuri sana. Tatizo anaimbia ndani ya karakana. Nasikia friji, nasikia kuku, nasikia chuma kinakatwa. Siwezi kuwapigia wageni kitu kama hicho. Nikipata rekodi safi kabla ya jua kuzama Ijumaa, sawa. Nisipoipata, bibi harusi ataingia na muziki wangu."

Pindo aliwahi kuusikia muziki wake. Ulikuwa muziki wa kuuzia simu sokoni. Binti wa kaka yake alilia, na kilio cha bibi harusi kwenye simu ni kitu kinachoweza kumfanya shangazi yeyote ahamishe mlima kwa kijiko.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo Pindo alifunga duka, akatundika kibao cha "Fundi hayupo" na yeye yupo, akaanza vita.

Mwalimu wa jioni alikuwa amewafundisha kwamba kelele hufukuzwa kwanza chumbani, kompyuta baadaye. Na hapo Pindo alimshukuru Mungu kwa kazi aliyompa, kwa kuwa kitambaa hula mwangwi, na vitambaa kwake havikuwa shida. Alitundika mapazia ya mteja mmoja ambaye hakuwahi kurudi kuyachukua. Akatundika majoho yote ya kwaya, mazito ya zambarau, yakazunguka kona moja kama wazee waliokuja kwenye kikao. Godoro akaliegemeza mlangoni. Maiki akaining'iniza kwa lastiki ya kiuno cha suruali, ili mtikisiko wa meza usiifikie. Mbele yake akaweka kiduara cha kudarizia alichokivalisha soksi ndefu ya nailoni, ili pumzi za Mama zisiipige maiki makofi kila anapotamka "p" na "b".

Mama aliingia akichechemea, akaitazama soksi.

"Hii ni yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Nimeitafuta wiki nzima. Sasa niimbie ndani ya soksi yangu?"

"Ni safi, Mama, nimeifua."

"Mungu anaona," alisema Mama, akakaa.

Kiti kikalia kwiii. Kilikuwa cha plastiki. Pindo akakiondoa, akamkalisha mama yake juu ya majora ya vitambaa, Mama akakaa kama malkia wa mitumba. Halafu bangili zikalia, zikavuliwa. Saa ya ukutani ikafungiwa kabatini, ndani ya koti la baridi. Friji la jikoni likazimwa, na Pindo akaweka ufunguo wa duka ndani yake, juu ya maziwa, ili asije akasahau kuliwasha tena: bila ufunguo asingeweza kufunga, na kila akiutafuta angelikuta friji limezimwa. Ujanja huo hakufundishwa na mtu. Ulimjia katika maombi.

Kuku wa jirani alikuwa akitangaza yai lake uani kana kwamba ni la kwanza duniani. Pindo alimfunika kwa kapu na khanga, akamwambia, "Samahani, mama mwenzangu." Kuku akadhani ni usiku, akanyamaza.

Mvua nayo ikakatika. Pindo akainua mikono. Alikuwa bado hajaishusha, ng'ambo ya barabara kukalia *ngriiiiiii!* na cheche zikaruka kama fataki.

Huyo alikuwa Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye alisubiri mvua ikatike kwa hamu ileile aliyokuwa nayo Pindo.

Pindo alivuka barabara mbio, mkasi mkononi.

"Cheche! Kaka yangu! Zima!"

"Nini?"

"Zima!"

"Sisikii, subiri nizime!" Akazima. Akavua miwani myeusi. "Ehe, dada Pindo. Mbona umekuja na silaha?"

Akamweleza: harusi, wimbo, mwenye spika, jua. Cheche alisikiliza huku akikuna kidevu kwa koleo.

"Geti hili mwenyewe anakuja jioni."

"Nakuomba, kaka."

"Nitazima kwa sharti moja. Na mimi niingie nisikilize. Tangu nianze kazi hii sijasikia kitu kizuri, masikio yangu yamejaa chuma."

"Ingia, lakini ukinyamaza."

"Dada, mimi nikinyamaza hata mke wangu huniita marehemu."

Aliingia, akamwamkia Mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kila hatua aliyopiga mifukoni mwake kulilia boliti. Pindo alimsimamisha akamwamuru atoe zote. Zikatoka boliti, nati, misumari, kipande cha bawaba, funguo za pikipiki aliyokwisha kuiuza, na pipi.

"Pipi nayo inalia?" Cheche aliuliza.

"Karatasi yake inalia."

Cheche akaila papo hapo, kwa haraka, ili kuondoa ushahidi, kisha akakaa sakafuni chini ya joho la zambarau. Pindo akafungua kompyuta, akatoa hedfoni masikioni akaziacha shingoni, akageuka kuwatazama wanafunzi wake wawili.

"Sikilizeni. Kabla Mama hajaimba, tutarekodi ukimya."

"Turekodi nini?" Mama aliuliza.

"Ukimya wa chumba. Mwalimu anasema hakuna chumba kilicho kimya kabisa. Kuna mvumo wa umeme, kuna feni ya kompyuta. Sasa narekodi mvumo huo peke yake. Ndiyo sampuli. Baadaye naionyesha programu: unaiona hii? Hii ndiyo kelele. Nayo inapita kwenye wimbo wote inatoa kila kinachofanana na hiyo sampuli."

"Kama unavyompa mbwa anuse," alisema Cheche.

"Hivyohivyo. Sasa mtu akikohoa, mbwa atakula kikohozi. Tafadhali. Kimya."

Akabonyeza. Chumba kikatulia. Mama alifumba macho. Cheche aliziba pua, sijui kwa nini. Pindo aliinama karibu sana na maiki kuhakikisha taa yake nyekundu inawaka, akafumba macho na yeye. Kila kitu kilikuwa kimefika hapo. Ukimya ukapita, mzuri, mnene kama joho.

"Sasa, Mama," alisema.

Na Mama akaimba.

Sijui nieleze vipi. Magoti yalikuwa ya kizee, meno yalikuwa machache, lakini sauti ilitoka changa, ikapanda, ikaketi pale juu kama ndege kwenye waya, haina haraka. Cheche aliacha kuziba pua, akaanza kufuta macho. Pindo alisahau kila kitu. Alisahau hata kuomba, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu abatizwe. Wimbo ulipokwisha, hakuna aliyepumua mpaka alipobonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Hiyo!" alipiga kelele. "Hiyo, Mama! Imeingia yote!"

"Bado ubeti wa sauti ya chini," alisema Mama. "Lakini mwenyewe hayupo. Haya, endelea na mbwa wako."

Pindo akaichagua sampuli, akaiambia programu, hii ndiyo kelele. Akauchagua wimbo wote, akaiambia, ondoa. Kimstari kikatembea kwenye kioo. Akaunganisha spika ili wote wasikie. Akasema, "Karibuni harusini," akabonyeza.

Kilichotoka spikani kilikuwa hivi: *fsss. Tk. Shhh-wwwl. Tk. Fsss.*

Walitazamana.

*Blwwl,* ilisema spika. *Tk.*

"Mwanangu," alisema Mama, "mbona naimba kama birika?"

"Ngoja, Mama."

"Nani anapiga mswaki?" Cheche aliuliza.

"Ngoja, Cheche!"

Akarudia. Birika likarudia. Sauti ya Mama haikuwemo. Pale ilipokuwa ikipanda, palikuwa na shimo lenye mapovu. Mama aliinamia spika akaisikiliza kwa makini.

"Nimekufa?" aliuliza. "Niambieni ukweli. Maana hapa mimi sipo."

Cheche aliuma pindo la joho la kwaya asicheke. Hakufaulu. Alicheka mpaka joho likamwangukia, akawa anacheka humo ndani, zambarau nzima inatikisika. Mama naye akaanza. Pindo peke yake alikuwa amekaa akikodolea kioo, jasho linamtoka. Dirishani jua lilikuwa limeshavuka paa la jirani, nalo halikuwa linarudi nyuma.

Wimbo wenyewe haukuwa umepotea. Mwalimu alimfundisha kutunza nakala ya asili kabla ya kugusa chochote, nayo ilikuwepo, ikiwa na mvumo wake. Lakini mvumo huo ungewapeleka moja kwa moja kwa mtu wa muziki wa kuuzia simu. Ilikuwa lazima programu ikubali.

"Labda sampuli ilikuwa na doa," alisema. "Turudie. Kimya."

Wakarudia. Pindo akainamia maiki, akafumba macho, akarekodi ukimya mwingine, mnene kuliko ule wa kwanza. Akauonyesha programu. Akabonyeza.

*Fsss. Tk. Blwwwl.*

"Birika limechemka," alisema Mama.

Hapo Pindo alisimama. Alikuwa amewaza jambo.

"Mama. Niambie kweli, mbele ya Mungu. Tulipokuwa kimya, ulikuwa unaomba?"

"Mimi?"

"Mama, nakujua. Nyumba hii haijui kunyamaza. Tukinyamaza tunaomba. Programu imesikia sauti yako kwenye sampuli, ikadhani wewe ndiye kelele, ikakutoa kwenye wimbo."

"Mimi nilikuwa nimeuma ulimi!" Mama aliutoa ulimi ukaguliwe. "Tazama alama! Muulize fundi!"

"Mimi nilikuwa nimeziba pua, Bibi, sikuangalia," alisema Cheche. "Na masikio yangu, dada, mtu akitaka kuninong'oneza lazima apige honi."

"Masikio yangu mimi na yake ni mamoja," Mama akakiri. "Lakini ulimi niliuma."

"Basi tutasikia," alisema Pindo. Akaichukua ile sampuli, akaipandisha sauti mpaka mwisho, akageuza spika imtazame mama yake, kama hakimu anayemgeuzia mshitakiwa kiti. Akabonyeza.

Kwanza ulikuja mvumo. Ndani ya mvumo, kwa mbali, ikasikika sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, laini, ikipanda na kushuka kama inaimba, tena ilikuwa sauti ya Mama, bila shaka yoyote, ile rangi yake, ule utamu wake wa kwenye koo.

"Nimekukamata!" Pindo aliruka. "Mama! Ulimi gani huo uliouma?"

"Ni Bibi kabisa huyu," alisema Cheche kwa masikitiko.

Mama alikuwa ametega sikio. "Ongeza," alisema.

"Iko mwisho, Mama."

"Basi nyamazeni nyote."

Wakanyamaza, na maneno yakaanza kusikika kwenye ule mvumo, moja baada ya jingine:

*"Ee Bwana... ondoa kelele hii... iondoe yote, isibaki hata chembe... Ee Bwana, nimekuja na masomo yangu ya jioni... usiniaibishe mbele ya yule mwenye spika..."*

Mama aligeuka taratibu juu ya majora yake.

"Mimi Mungu namwita Baba," alisema. "Tangu nijue kuongea, namwita Baba. Tena sisomi jioni."

Pindo aliweka mkono mdomoni. Halafu akaweka na wa pili juu yake.

"Mimi?" alisema ndani ya mikono.

*"...na umzuie Mama asiombe, Bwana, kwa kuwa namjua..."* iliendelea spika.

Cheche alilala chini. Hakuanguka, alilala, kama mtu aliyeamua kwamba hiyo kazi ya kucheka haifanyiki ukiwa umekaa. Alipiga sakafu kwa kiganja. "Umeomba kelele iondoke!" alilia. "Na hiyo ndiyo kelele! Dada Pindo! Programu imekutii, imekuondoa wewe, ikapita na mama yako!"

Mama alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, anapigapiga magoti yake yaliyostaafu. "Mbwa," alijaribu kusema, "mbwa wako... amenusa mtoto, akamla mama!"

Na Pindo, aliyekuwa karibu kulia, akajikuta anacheka. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamkunja, akashikilia cherehani asianguke, cherehani nayo ikasogea na kushona hewa. Nje kuku alisikia, akaamua kumekucha, akawika ndani ya kapu kama jogoo.

Kicheko kilipopoa ndipo Mama alipofuta macho akasema kwa sauti nyingine:

"Unaona sasa? Miaka yote nakwambia una sauti yangu, unasema nakutania. Mashine haina undugu na mtu. Imewasikia wawili, ikaona mmoja."

Pindo alipokuwa msichana, mwalimu wa kwaya alimwambia, wewe simama nyuma, chezesha midomo tu. Alichezesha midomo tangu siku hiyo. Aliwashonea majoho, akayapiga pasi, akasimama nyuma. Kilichobaki cha sauti yake alikiweka chini kabisa, mahali pa kuongelea na Mungu peke yake, na kikazoea kutoka bila yeye kujua.

"Jua, dada," alisema Cheche, akionyesha dirisha.

Kweli, jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu pembeni. Pindo akazinduka.

"Nahitaji ukimya mmoja tu wa kweli."

"Basi toka," alisema Mama. "Wewe ndiye kelele. Toka nje."

"Tutoke wote," alisema Pindo. "Chumba kibaki chenyewe."

Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akavua viatu, akatoka kwa ncha za vidole. Cheche alikuwa amemtangulia amembeba Mama mgongoni ili magoti yasije yakalia. Wakasogeza godoro, wakafunga mlango kama watu wanaomlaza mtoto mchanga, wakaenda hadi mwisho wa uani, karibu na kapu la kuku. Cheche alimshusha Mama kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Pindo alisimama amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Mabega yalimtikisika.

"Anapasuka," Cheche alimnong'oneza Mama.

"Omba, mwanangu," alisema Mama. "Huku Mungu anasikia, maiki haisikii."

Akaondoa mikono. Na hapo, uani, mbele ya kamba ya nguo, Pindo aliomba kwa sauti, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, sauti ikatoka nje yote, ikapanda, ikaketi pale juu kama ndege kwenye waya. Cheche aligeuka akamtazama Mama, kisha Pindo, kisha Mama tena.

"Kweli ni mmoja," alisema.

Waliporudi, Pindo aliichukua sampuli mpya akaisikiliza kwa hedfoni. Mlikuwa na mvumo, mlikuwa na feni. Hamkuwa na mtu, wala Bwana wala Baba. Akaionyesha programu. Akabonyeza. Kimstari kikatembea.

Mama akaimba kutoka spikani. Mvumo haukuwepo. Friji halikuwepo, kuku hakuwepo, karakana haikuwepo; alikuwepo Mama peke yake, mbele yao, na hata pale alipovuta pumzi ungedhani angeweza kukugusa shavu. Mama mwenyewe alijisikiliza ameinamisha kichwa.

"Huyo bibi," alisema mwishowe, "anaimba."

Wimbo ukatumwa. Wakakaa wote watatu wakiitazama simu kama chungu kilichopo motoni. Haikupita muda, ikaita. Alikuwa bibi harusi. Pindo akaiweka kwenye spika.

"Shangazi!" Alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na nyuma yake kulikuwa na kelele za nyumba nzima ya harusi. "Shangazi, amekubali! Mwenye spika amesikiliza mara mbili. Ameuliza mmerekodia studio gani!"

"Mwambie studio ya majoho," alisema Cheche.

"Bibi! Upo?"

"Nipo, mjukuu wangu. Kulikuwa na wakati sikuwepo, lakini nimerudi."

"Bibi, nimesikia umeacha nafasi katikati. Ile nafasi ya sauti ya chini. Baba anasema hapo alikuwa anaimba marehemu dada yako. Nitakapofika hapo kesho, nitakuwa katikati ya ukumbi, na hapo patakuwa kimya. Tufanye nini?"

Mama hakumtazama Pindo. Aliitazama dari.

"Shangazi yako anakuja na basi la alfajiri, si ndiyo?" alisema. "Analeta mikanda ya wasimamizi."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi, na sauti ya chini inakuja pia. Iko kwenye mzigo uleule."

"Mama!" Pindo aliinuka. "Mbele za watu? Mimi mtu wa kuchezesha midomo!"

"Mwalimu yule aliyekwambia hivyo," alisema Mama, "alikuwa na masikio kama ya huyu fundi, ila yeye hakuwa na sababu."

"Asante, Bibi," alisema Cheche.

"Shangazi," sauti ya simu ilishuka, kelele za nyuma zikawa kama zimeingia chumba kingine. "Kweli utaniimbia?"

Pindo aliwatazama. Mama juu ya majora, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna. Cheche, pindo la joho la kwaya limelowa mkononi mwake. Kuku, ambaye alikuwa ametoroka kapuni akaingia hadi chumbani, akasimama chini ya maiki. Jikoni friji lilikuwa bado limezimwa, na ufunguo wa duka ulikuwa unaoga maziwa, lakini hilo angelikumbuka baadaye. Alijikuta midomo yake imeanza kucheza, kimyakimya, kwa mazoea.

"Nasikia mnong'ono," alisema Mama. "Maiki bado imewaka. Sema watu wasikie."

Pindo akavuta pumzi. Akafungua mdomo, wote, kama anayemwonyesha daktari koo.

"Ee Bwana, nisikie, na nyie mnisikie," alisema, na sauti ikagonga bati ikarudi. "Wewe mwanangu uliyeko kwenye simu, na Mama, na kaka yangu Cheche, na huyu kuku wa watu, nyote ni mashahidi. Kesho ukifika katikati ya ukumbi hutakuta kimya. Utanikuta mimi. Naahidi nitaimba sauti ya chini kwa mdomo wazi, mpaka mwisho, na sitanong'ona hata neno moja."